Wazazi wetu wakizeeka, nani atawatunza?

Katika miji yetu ya Katanga mara nyingi twasikia watu wakisema: "Sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu." Maneno hayo ni mazuri, nasi twayapenda. Lakini hata mwenye mapendo mengi atashindwa asipojua kazi inayomngojea. Mtoto anapotazamiwa kuzaliwa, ukoo wote hujitayarisha: nguo, beseni, fedha za maternite. Mzee anapoanza kudhoofika, hakuna anayetayarisha kitu. Twangoja siku ile anapoanguka, ndipo twapigiana simu.

Zamani jambo hili halikuwa zito namna hii. Baba zetu wengi walikuja Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kwa kazi ya shaba. Union Minière, ambayo mali yake katika Kongo ilichukuliwa na serikali mwaka 1967, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines, ilikuwa na kambi zake, posho yake, shule zake na hospitali zake. Mtu aliyechoka na kazi aliweza kurudi kwa ndugu zake kijijini. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na fedha zake mkononi. Walio hai kati yao ni wazee kweli leo. Kijijini hawana tena nyumba wala shamba, na wajukuu wao hawajui hata njia ya kufika huko. Basi watazeekea hapa hapa mjini, katika lupangu, pamoja nasi.

Sisi tuandikao haya tu ndugu watano, watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Baba alitangulia. Mama alipopita miaka 70, naye akali anakwenda sokoni kwa miguu yake, yaya yetu mkubwa alituita siku moja ya Dominika tukae pamoja. Wengine kati ya jamaa walinung'unika, wakisema kwamba kuzungumza habari za udhaifu wa mzazi angali mzima ni kumwita mauti. Yaya hakuwajibu. Alimgeukia mama mwenyewe, akamwuliza: "Mama, miguu yako ikikataa, wapenda kukaa wapi?" Mama akacheka, akasema: "Wanangu, nitakaa kwangu, na ninyi ndio mtakaofika. Lakini msinipitishe nyumba kwa nyumba kama beseni la kuazima."

Neno lile moja lilituondolea ugomvi wa miaka mingi. Maana katika familia nyingi magomvi hayatoki katika ukosefu wa fedha tu. Yatoka katika kubahatisha mapenzi ya mzee ambaye hakuulizwa.

Siku ile ile tuligawana kazi. Ndugu yetu aliye Kinshasa alisema atatuma fedha kila mwezi, naye ametuma. Tunamshukuru. Hata hivyo twataka kusema wazi jambo ambalo ndugu walio mbali hawalipendi: fedha na mikono si kitu kimoja. Anayetuma fedha hufanya kazi yake kwa dakika mbili, kisha hulala. Anayemgeuza mgonjwa halali. Basi isiwe kwamba atumaye fedha ndiye atoaye amri zote kwa simu, na aamkaye usiku ndiye akemewaye. Tulifanya hesabu ya fedha, tukafanya na hesabu ya usiku: nani yuko zamu siku gani.

Tulikuta pia kizuizi cha desturi. Mtoto wa kiume haoni vema kumwogesha mama yake, na mume wa binti yake hata kukaribia kitanda hathubutu. Heshima hiyo ni njema, hatuitukani. Lakini yafaa ifikiriwe mapema, ili mzee asikae mchafu siku nzima kwa kuwa binti amekwenda kazini. Sisi tulimwomba mjane mmoja jirani, tukapatana naye malipo, akaja wakati mama angali na nguvu ili wazoeane.

Miaka mitatu baadaye mama alipooza upande wa kuume. Kinywa kilikwenda upande, mkono ukalegea, maneno yakachanganyika. Dalili hizi tatu kila mtu na azijue, hata mwanafunzi, maana zikionekana ni hospitali palepale, si kesho. Mama alikuwa na tansio ya siku nyingi. Dawa za tansio ni za kila siku, hata mtu asipojisikia mgonjwa. Wengi huziacha kwa sababu kichwa hakiumi tena.

Aliporudi nyumbani, muuguzi alitufundisha kazi ya mikono, nayo twaiandika hapa kwa urefu kwa sababu ndiyo isiyofundishwa shuleni. Mtu asiyeweza kugeuka mwenyewe hubanwa ngozi kati ya mfupa na godoro, hasa chini ya mgongo, kwenye nyonga na visigino. Damu haipiti vizuri, ngozi yabadilika rangi, yawa ya moto, kisha yachubuka, na kidonda chake chaweza kufika mfupani. Kwa hiyo sisi humgeuza kila saa mbili, mchana na usiku: mgongo, ubavu wa kuume, mgongo, ubavu wa kushoto. Hatumburuti juu ya shuka. Watu wawili humwinua. Mto mdogo huwekwa chini ya miguu, visigino visiguse kitu. Shuka likilowa labadilishwa palepale. Kila asubuhi mwogeshaji hutazama ngozi mahali pote, na akiona doa jipya hulisema.

Chakula nacho kina njia yake. Mtu wa kupooza hapewi uji akiwa amelala, kwa sababu waweza kuingia katika mapafu. Akae wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo aongezwe, na akae nusu saa kabla ya kulazwa. Mama apenda bukari na sombe. Basi bukari twailainisha na sombe twaitwanga sana. Maji twampa kidogo kidogo mchana kutwa, maana wazee wengi hawasikii kiu, wengine hukataa kunywa wakiogopa kusumbua watu kwa kwenda chooni. Ukimwona mzee wako anajinyima maji, jiulize kama njia ya choo ina taa na mahali pa kujishika. Mzee akivunjika nyonga gizani, mara nyingi hasimami tena kama zamani.

Wakati huo jamaa mmoja alitoa shauri kwamba mjukuu wa mama, msichana aliye mwaka wa tano wa sekondari, aache shule mwaka mmoja tu amwangalie nkambo. Yaya alikataa kwa nguvu, nasi sote tulisimama naye. Mwaka mmoja huo ni nadra kuwa mmoja, tena haombwi kamwe mvulana. Msichana yule alibaki shuleni. Jioni husoma karatasi za dawa, huandika katika daftari saa ya kila kidonge, na humsomea mama Injili ya kesho. Ninyi wanafunzi, msidhani kazi hiyo ni ndogo. Daftari lile daktari aliliomba, akalisoma ukurasa kwa ukurasa.

Limebaki jambo chungu. Katika mtaa wetu alikuwako bibi mmoja aliyeanza kusahau. Alipotea akitoka sokoni, alificha chumvi chini ya godoro, na usiku alisimama nje akimwita mume wake aliyekufa zamani. Watu wakanong'ona: ulozi. Wajukuu wakakatazwa kula mkononi mwake. Wasomaji wapenzi, huo ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu zaidi ya milioni 55 ulimwenguni wanao, katika Ulaya kama katika Afrika. Mgonjwa husahau ya asubuhi, lakini akumbuka ya utoto wake. Kwa hiyo huwaita waliokufa, maana kwake wangali hai. Hakuna dawa ya kuuponya, lakini yako mambo yanayopunguza taabu: kumwamsha na kumlisha saa zile zile, kutombishia, kufunga lango usiku, kumwachia kazi ndogo ya kuchambua maharagwe. Tena, mzee akichanganyikiwa kwa ghafula, katika siku moja au mbili, huenda ni malaria, au ugonjwa wa mkojo, au dawa zisizomfaa. Hayo yatibika, basi apelekwe upesi kwa mganga wa hospitali.

Binti wa bibi yule alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani. Wengine walisikia, wengine hawakusikia. Amri ya nne twaijua sote. Na katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, nayo yasema kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi. Hatujaona amri wala kifungu kinachoongeza: isipokuwa mzazi amesahau jina lako.

Karatasi nazo zitafutwe mapema: za lupangu, za pensheni, kadi za hospitali. Mama alituonyesha sanduku lake angali akisema vizuri, na kwa hilo tulipona taabu nyingi.

Na mtunzaji je? Yaya alikonda, akawa mkali, akaacha kuimba kwaya. Akina mama wa jumuiya yetu ndogo waliona kabla yetu. Sasa kila Dominika wawili wao huja kukaa na mama saa tatu, ili yaya aende Misa, kisha atembee kokote apendako, nasi hatumwulizi alikokwenda. Padre huja Ijumaa ya kwanza na Komunyo.

Ndugu yetu wa Kinshasa ameandika kwamba mwezi wa Septemba atachukua likizo, aje kushika zamu ya usiku kwa majuma matatu. Mjane jirani amekubali kumfundisha namna ya kumgeuza mama. Tumemjibu alete tochi yenye nguvu, kwa kuwa umeme wa huku anaujua mwenyewe.