Usiku Mmoja Takwa

Nahodha alitutahadharisha mapema: Takwa hufikiwa maji yakijaa, yakipwa, mkono wa bahari ulio kati ya mikoko hubaki tope tupu. Ilikuwa likizo ya Aprili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Tuliyaona mawingu tukajisemea ni ya bara.

Alasiri tulizunguka mahame yale ya kisiwa cha Manda, tukaswali karibu na msikiti wa kale wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla. Watu wa Shela huja hapa kuzuru kaburi na kuomba mvua. Bibi akacheka: wenzetu huja kuiomba, sisi twataka izuiliwe!

Baada ya isha pepo zikageuka. Hema la wavulana likapasuka, sote tukajazana katika moja. Hapo binti yetu mdogo akaanza kubanwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa Lamu, juu ya rafu. Kila mmoja wetu alidhani mwenziwe ameitia mkobani. Tukamkimbilia nahodha. Mashua ilikuwa imelala ubavu topeni.

Tulimkalisha wima mapajani mwa Bibi, kanga mbili mgongoni, tukihesabu pumzi zake na kumulika tochi mikokoni kila mara. Maji yalirudi karibu na alfajiri, taratibu mno.

Hospitalini Lamu alipata nafuu, alhamdulillahi. Siku hizi dawa huivaa shingoni. Sufuria ya pilau tuliisahau kulekule, hakuna aliyeiulizia.