Njia 16 za kadi ya picha, na diski nayo inaomba

Familia zilizokimbia vita zinaniachia sauti na video za kutafuta ndugu waliopotezana nao njiani, na jenereta tunaiwasha saa chache tu kwa siku. Ndiyo maana nilitaka diski ya haraka, ile nyembamba inayolala juu ya ubao mama. Lakini njia za data zinazotoka kwenye prosesa zinahesabika. Kadi ya picha inachukua 16, diski inaomba 4. Kwenye mashine fulani, ukichomeka diski katika tundu linalokula njia za kadi, kadi inabaki na 8, wala si 12, kwa sababu prosesa yake hugawa zile 16 nusu kwa nusu. Nne zinakaa bure! Kwa PCIe 4.0, njia moja hupitisha karibu gigabaiti 2 kwa sekunde. Kadi inashuka kutoka 32 hadi 16. Kwa kazi yetu ya kukata video fupi, hiyo bado inatosha sana.

Ndugu mnaofanya kazi hii kambini, someni kwanza kitabu cha ubao. Mara nyingi lipo tundu lingine, linalopitia chipseti, ambalo haligusi kadi. Likikosekana, mimi njia naipa diski, sauti za wamama zinakiliwe kabla mafuta hayajaisha.