Kutoka Gitega hadi Muyinga: Mzazi, Mtoto na Ubao

Kiasi cha kilomita 7 kutoka mji wa Gitega, juu ya kilima cha Gishora, kuna ua wa nyumba za nyasi uliojengwa na Mwami Mwezi Gisabo katika karne ya 19, baada ya kumshinda mkuu mmoja aliyemwasi. Humo ndimo zinamotunzwa ngoma za kifalme. Ufalme wenyewe ulifutwa Novemba 1966, lakini ngoma zimebaki, ingawa katika Kirundi neno ingoma lina maana zote mbili: ngoma na ufalme. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamezibeba vichwani, huku wakizipiga, na mgeni hujiuliza shingo hizo zimeumbwa kwa nini.

Watu wengi huenda Gishora kusikiliza. Mpenzi wa useremala huenda kutazama. Ingoma haiundwi kwa mbao zilizounganishwa. Ni gogo moja lililochimbwa ndani mpaka likabaki ganda, kisha likavikwa ngozi ya ng'ombe na kubanwa kwa vigingi vya mti. Mti wake Warundi huuita umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Ndio ule ambao wasemaji wengi wa Kiswahili huujua kwa jina la mringaringa. Pigo moja la pupa laweza kuutoboa ubavu, na hapo gogo limekuwa kuni. Kwa kazi ya namna hiyo mtoto hawezi kukabidhiwa chombo cha makali siku ya kwanza. Huanza kwa kulishika gogo lisibingirike na kuzoa vibanzi, naye hutazama.

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hii ya kifalme katika orodha yake ya urithi wa binadamu, na sifa hiyo imestahili. Lakini orodha haioteshi mti. Mringaringa wenye unene wa kutoa ngoma kubwa hautimii kwa miaka mitano, nayo Burundi ni nchi ya vilima vilivyojaa mashamba na watu. Mche anaoupanda baba leo, gogo lake litachimbwa na mwanawe. Baba anayemfundisha mtoto kuchimba asimfundishe kupanda amempa nusu ya ufundi.

Mjini Gitega kwenyewe, ambako tangu mwaka 2019 ndiko makao makuu ya kisiasa ya nchi, kuna Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Jengo si kubwa. Mzazi akipita humo na mwanawe, wasiharakishe: vyombo vya zamani ni darasa kwa jicho linalotaka kujua kitu kimechongwa vipi.

Kutoka Gitega barabara hupita Karuzi na kuelekea kaskazini-mashariki hadi Muyinga, mji ulio karibu na mpaka wa Tanzania, ambako Kiswahili si kigeni sokoni. Miti inayomlaki msafiri njia nzima ni mikaratusi na migrivea iliyopandwa kandokando ya mashamba. Hapa useremala ni wa vitu vya kila siku: vitanda, milango, viti. Tena ni kazi ya wote. Amri ya rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma za jadi, lakini hakuna amri inayomkataza msichana kushika randa, na mkono wake mara nyingi ni mtulivu kuliko wa kaka yake.

Muyinga ina jengo moja linalofaa kuonwa na kila mpenzi wa mbao. Ni maktaba iliyojengwa mwaka 2012 karibu na shule ya watoto viziwi, kwa ushirikiano wa wenyeji na wasanifu majengo kutoka Ubelgiji. Kuta zake ni matofali ya udongo ulioshindiliwa. Paa la vigae limebebwa na miti ya mkaratusi. Ndani umetandwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala wakisoma. Mtoto kiziwi hujifunza kwa macho na mikono. Kwenye meza ya seremala watoto wote hujifunza vivyo hivyo. Maelezo marefu hayamsaidii mtu aliyeshika msumeno.

Msomaji aliye kazini mbali na nyumbani atauliza haya yamfae nini yeye mwenye siku chache za likizo. Naam, mbao zina tabia inayomfaa sana: hazitaki haraka. Ubao mbichi wa mgrivea ukiundwa leo, utasinyaa, na viungo vitalegea. Basi likizo ya kwanza iwe ya kuchagua ubao na kuupanga kivulini, juu ya vijiti, mbali na ardhi, upepo upite juu na chini. Ubao wa inchi moja huhitaji miezi kadhaa. Katika miezi hiyo mtoto ndiye mlinzi: huugeuza, huuangalia usipinde wala kupasuka, na baba apigapo simu kutoka kambini wana jambo la kuzungumza zaidi ya karo na homa.

Likizo ya pili iwe ya kigoda, tena cha miguu mitatu, kwa maana hakichezi hata juu ya sakafu ya udongo. Mzazi atoboe matundu. Mtoto apige randa kwa kufuata nyuzi za mti, kwani akienda kinyume zitang'oka. Ataharibu kipande kimoja, pengine viwili. Mbao ni ghali, na ulimi wa mzazi huwasha. Avumilie, amkabidhi kingine.

Na kabla mkoba haujafungwa, ubao mwingine mbichi uwe umekwisha kupangwa juu ya vijiti, chini ya upenu.