Batri Moja Kati ya Sita

Mwezi huu ninataka kuwaeleza habari ya kigari chetu cha umeme. Ninaiandika na haya kidogo, kwa sababu katika habari hii mwenye makosa ni mimi. Lakini nyumba nyingi huku kwetu ziko na batri sasa, ya taa, ya radio ao ya televizio, na ninaona inafaa mujue mambo haya bila kupita njia niliyopita mimi.

Wale wanaokaa Lubumbashi wanajua kartie ya Golf. Mutu akicheza golfu anatembea mbali sana katika majani, na wengine hawapendi kuchoka. Kwa hiyo walitengeneza kigari kidogo cha watu wawili ao wane, kisicho na mafuta wala moshi. Kinatembea na batri tu. Katika mwaka 2017 wandugu wa ngambo walitutumia kimoja ndani ya kontena, kilikwisha kutumika. Kwetu hakuna golfu. Lakini kituo chetu cha afya kiko juu ya mulima, na barabara kubwa iko chini. Tuliondoa kiti cha nyuma, tukaweka ubao na godoro, na kigari kikawa cha kupandisha wagonjwa.

Tulichagua kijana mumoja wa miaka 19 akichunge. Mama yake anaimba katika kwaya ya wamama. Kijana huyu alikipenda kigari kama mutu anavyopenda mbuzi wake wa kwanza. Kila asubui alikipanguza.

Katika mwezi wa 11, mwaka 2019, usiku wa mvua, walileta mama mumoja wa kuzaa. Kigari kilimubeba mpaka katikati ya mulima. Pale kikaanza kulegea, taa zikawa nyekundu kama makaa, kikasimama. Vijana walimubeba yule mama juu ya ubao katika matope mpaka mulangoni pa maternite. Alizaa salama, mutoto yuko leo anakimbia. Lakini usiku ule hakuna mutu aliyejua kama mambo yangeisha vizuri.

Asubui nilikasirika sana. Watu wawili walikuwa wameniambia ya kwamba kijana anapeleka kigari sokoni usiku kubeba mizigo ya watu kwa feza. Sikuwauliza walimuona lini. Niliita komite, nikasema mbele ya wote: "Huyu kijana anamaliza batri na biashara yake." Alijaribu kusema neno. Nilimuambia anyamaze, atoe ufunguo. Alitoa. Mama yake alikuwa anafagia inje ya kanisa, alisikia yote.

Kisha nikaanza kutafuta feza. Muuzaji mumoja wa muji alikuja, akapima batri zote pamoja, akasema zote zimekufa, lazima kununua sita mupya. Bei yake, pamoja na kuzileta, ilikuwa dolari 940. Wamama walikuwa na feza katika sanduku ya mabati ya kanisa. Waliuza mboga na makala miaka miwili kupata feza ile. Nilikuwa karibu kuitwaa yote.

Muke wangu ndiye aliniambia: "Mbele ya kufungua sanduku ya wamama, si uite Muzee wa lampe?"

Muzee huyu alifanya kazi ya mine miaka mingi, chini ya udongo. Alikuwa anachunga batri za treni ndogo zinazovuta mawe, na lampe za kofia za wafanyakazi. Alikuja na multimetri yake ndani ya kitambaa, na kipima-asidi cha kioo. Akafungua kiti, akaangalia tu, muda murefu. Kisha akaniuliza: "Pasta, nani njo alisema zote zimekufa?"

Nikamuambia. Akacheka kidogo. "Alipima zote kamoya. Ukipima kwaya yote kamoya, utajua nani iko naimba mubaya?"

Hapa ninaeleza vile alivyonifundisha. Kigari chetu kilikuwa na batri sita za volti 6. Zimefungwa moja nyuma ya ingine, umeme unapita katika zote, na volti zao zinajumulishwa kuwa 36. Kwa sababu hiyo moja ikiwa zaifu, inavuta zingine zote chini. Tano zinaweza kuwa na nguvu, lakini kigari kitasimama kwa ajili ya ile ya sita.

Kwanza Muzee alisafisha. Vichwa vya batri vilikuwa na unga mweupe na wa kijani. Alichanganya bikarbonati na maji, akasugua na burashi ya meno ya zamani, akichunga maji yale yasiingie ndani ya batri. Akakausha, akakaza kable, akapaka mafuta mazito. Alisema batri nyingi zinatupwa bule, kumbe ni uchafu tu ao kable iliyolegea. Mbele ya kugusa kitu alitoa saa na pete yake, kwa sababu chuma ikigusa vichwa viwili pamoja inawaka moto na kuunguza mutu.

Pili, alitazama ndani ya kila chumba. Batri ya volti 6 iko na vyumba vitatu, kwa hiyo vyote pamoja vilikuwa 18. Pale mabamba yalipokuwa wazi alitia maji kidogo ya kuyafunika tu. Akachaji usiku muzima, madirisha wazi. Batri ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kupasuka ikikutana na moto. Alikataza taa ya mafuta na sigara mule ndani.

Tatu, aliacha zitulie mpaka saa sita, akapima kila moja pekee. Tano zilikuwa karibu volti 6.3, ambayo ni batri iliyojaa. Ya sita, ile ya nyuma kabisa, ilikuwa 6.2. Nikamuambia: "Muzee, tofauti ni kidogo sana, zote ziko muzuri." Akajibu: "Pasta, batri ikilala haisemi kweli. Ngoja ibebe."

Akachukua vijana watatu wazito, wakapanda na kushuka mulima mpaka kigari kikaanza kuchoka. Wakakirudisha, akapima mara moja. Tano zilikuwa volti 6.1. Ile ya nyuma ilikuwa 4.3. Akatia kipima-asidi ndani ya vyumba vyake vitatu. Vyumba viwili vilikuwa bado na asidi ya kiasi, lakini katika cha tatu kipimo kilizama kama ndani ya maji ya kunywa. Chumba kimoja kati ya 18 kilikuwa kimekufa, na hicho ndicho kilisimamisha kigari katika mvua.

Halafu akaniuliza maswali mawili ambayo sitayasahau.

"Munatia maji gani?"

Mbele tulikuwa tunanunua maji ya batri katika mitungi. Mimi ndiye nilikataza, nikasema ni kuharibu feza, maji ni maji, watumie ya pompi. Kumbe maji ya udongo, zaidi katika inchi yetu ya madini, yana chumvi na chuma ndani yake, na vitu hivi vinaharibu mabamba. Tena ile batri ya nyuma ilifichwa chini ya ubao ambao mimi mwenyewe niliagiza upigwe misumari. Kuifungua ilikuwa shida, kwa hiyo ilikaa kavu.

"Munachaji siku gani?"

Siku ya posho tu. Mimi ndiye niliagiza hivyo, kwa kuchunga umeme. Muzee akatikisa kichwa. Batri ya risasi ikikaa bila umeme siku nyingi, inaota ganda gumu juu ya mabamba, na ganda hilo likikomaa haliondoke tena. Kigari kikitumika leo kinapaswa kuchajiwa leo, hata kama kilitembea kidogo.

Nikanyamaza. Ndipo nikakumbuka kijana alikuja kwangu mara mbili. Mara ya kwanza aliomba feza ya maji. Mara ya pili aliomba kung'oa misumari. Nilimuambia niko na mambo mengi.

Muzee alifunga multimetri yake katika kitambaa, akasema: "Kwetu ku mine hatukukuwa tunafukuza mutu wa lampe mbele ya kupima lampe."

Niliita komite ileile, mahali palepale, nikaungama. Kijana alisikiliza, akasema: "Baba Pasta, ninakubali. Lakini mama naye umuambie, kwa sababu yeye njo alichekwa ku kisima." Basi nikaenda kwake mangaribi. Alinipa kiti, akaendelea kusonga bukari. Niliposema yote, alijibu neno moja tu: "Pasta, mutoto alikuambia mara mbili." Halafu akanipa maji ya kunawa, tukakula. Na wale wawili walioniletea habari ya soko, nilipowauliza, kila mumoja alisema aliisikia kwa mwenzake.

Kigari tulikitengeneza namna gani? Muzee hakutaka tutie batri mupya katikati ya zile za zamani, kwa sababu za zamani zinaichosha upesi. Alitafuta moja iliyotumika, ya namna ileile na umri wa karibu, kwa dolari 60. Kigari kilipanda mulima tena kwa miezi 11. Kisha, katika mwaka 2020, tukabadilisha zote sita pamoja, na wamama walifungua sanduku yao kwa mapenzi yao, wakijua sababu.

Vijana wengi wananiuliza kama batri hizi zinatoka katika kobalti yetu. Hapana. Hizi ni za risasi na asidi, namna iliyovumbuliwa na Gaston Planté katika Ufaransa mwaka 1859. Kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, inaingia katika batri za lithiamu, za telefone na za motokari nyingi za umeme. Hizo hazitiwe maji, wala hazifunguliwe.

Ninyi mulio na batri ya risasi nyumbani, mushike haya:

1. Uchaji kila mara baada ya kutumia. Usingoje taa izime.
2. Kama batri yako iko na vifuniko, tazama maji kila mwezi. Mabamba yafunikwe mbele ya kuchaji, na ujazie kiasi baada ya kuchaji. Utie maji ya batri tu, usiongeze asidi.
3. Kama ziko nyingi, upime moja moja, na upime baada ya kazi.
4. Chunga macho na mikono. Asidi ikikurukia, unawe na maji mengi sana mara moja, na kama ni macho uende kwa munganga.
5. Batri iliyokufa usiipe watoto waivunje na kuyeyusha risasi. Sumu yake inaingia katika damu na kuharibu akili ya mutoto. Uiuze nzima kwa wale wanaonunua.

Kijana wetu angali anachunga kigari. Yuko na kaye yenye mistari sita kwa batri sita, na kila mwanzo wa mwezi ananiletea niitie sahihi. Ubao wa nyuma sasa una bawaba, unafunguka na mukono mumoja. Akija na kaye yake ninaweka kalamu chini, ninamupa kiti, na ninamuuliza kama kuna neno.