Miguu!

Kwa wiki mbili niliamini pedali imekufa. Nikiikanyaga, sauti inakatika. Nikiiachia, noti zote zinabaki zinaning'inia, moja juu ya nyingine, mpaka wimbo wa kwaya unageuka kelele za stendi ya mabasi. Pedali ya sasteni kazi yake ni moja tu: ukiikanyaga, sauti iendelee hata ukiondoa kidole. Yangu ilikuwa inafanya kinyume chake, tena kwa uaminifu mkubwa.

Kinanda ni cha baba. Alikinunua kikiwa kimeshatumika, miaka ya 1990, alipokuwa anafundisha kwaya Moshi. Baada ya msiba mama akasema nikichukue mimi, eti wengine hawajui kupiga. Hata mimi niliacha nikiwa na miaka 12, lakini nani anabishana na mama msibani? Nikakileta Dar, kikakaa chini ya kitanda. Sasa mwaka unatimia, na mama ameomba nipige wimbo mmoja siku ya kumbukumbu. Mmoja tu, mwanangu.

Nilianza na mambo ya kawaida. Nikachomoa, nikachomeka. Nikasafisha jeki kwa pamba na spiriti, maana chuma kikikaa karibu na bahari hakikawii kupata kutu. Wapi! Nikaipeleka pedali kwa fundi redio wa mtaani. Akaweka mita kwenye ncha na shina la jeki, akaikandamiza pedali kwa kiganja. Mita ikalia, ikanyamaza, ikalia. "Dada, hii nzima. Ni swichi tu hii, nyaya mbili, hakuna cha kuharibika." Sikumwamini. Nikaenda Kariakoo nikanunua mpya kwa shilingi 35,000, nikarudi nayo kwenye daladala nimeipakata kama mtoto. Ikawa vilevile.

Basi nikaanza kujizoeza kupiga kinyumenyume, nikiinua mguu pale ambapo ningekanyaga. Jaribuni siku moja, mtaona mateso yake.

Kilichoniokoa ni umeme kukatika. Nilikuwa katikati ya wimbo, giza likaingia, nikaenda jikoni kutafuta mshumaa. Umeme uliporudi, kinanda kikawaka chenyewe, kwa sababu vinanda vya zamani swichi yake ukishaibonyeza inabaki ndani. Nikakaa, nikakanyaga. Sauti ikaendelea. Nikaachia, ikakoma.

Nikazima, nikawasha. Kinyume tena.

Hapo ndipo nilipojiangalia. Swichi ya kuwashia iko nyuma, kushoto kabisa. Nikiwa nimekaa, nikinyoosha mkono kuifikia, mwili wote unaegemea mguu wa kulia, na mguu wa kulia uko juu ya pedali. Kumbe kinanda hiki kinapowaka kinaitazama pedali kwanza. Kuna pedali ambazo ukikanyaga nyaya zinagusana, na nyingine ukikanyaga zinaachana. Kinanda hakijui umechomeka ipi, kwa hiyo hali yoyote kinayoikuta wakati huo kinaihesabu kuwa ndiyo ya kupumzika. Kikikuta umekanyaga, basi kwake kukanyaga ndiko kupumzika, na kitashikilia hivyo mpaka ukizime.

"Miguu!"

Hiyo ilikuwa sauti ya baba kila jioni. Tunakaa kwenye benchi, yeye amesimama nyuma ya kinanda, mkono kwenye swichi, hawashi mpaka miguu yetu yote iwe chini ya benchi. Nilidhani ni nidhamu ya kijeshi. Siku moja nilisahau, akanichapa rula gotini. Hakusema kwa nini. Nadhani sikuacha kinanda kwa sababu ya rula. Niliacha kwa sababu sikuwahi kujua nimekosa nini.

Nikampigia mama usiku uleule.

"Mama, baba alikuwa anatufokea miguu kwa nini?"

"Si kile kinanda chenu kilikuwa kinageuka! Mtu akikanyaga kabla hakijawaka, kinageuka."

"Ulikuwa unajua?"

"Kwani hakukuambia?"

Tukanyamaza wote wawili. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, Moshi, watu walikuwa bado wanapanga viti uani. Binti wa kaka yangu, ana miaka minane, alikuwa ameshakaa kwenye benchi kabla yangu, kiatu chake juu ya pedali. Nikazunguka nyuma ya kinanda, nikashika swichi, na lile neno likanitoka kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Mtoto akavuta miguu haraka, macho yamemtoka.

Nikachuchumaa, nikamweleza. Nyaya mbili, kinanda kinaangalia kwanza, kinageuka. Ilichukua kama dakika moja. Akafikiri, halafu akaniuliza kama anaweza kukigeuza makusudi, aone.

Nikamwambia akanyage. Nikawasha.