Maporomoko ya Wagenya

Asubuhi mapema tulishuka na vijana wetu wa shule mpaka maporomoko ya Wagenya, kando ya mji wa Kisangani. Mvuvi mmoja mzee alikubali kutuongoza. Hapa ndipo mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, ambayo katika mwendo wa kilometa 100 hivi huushusha mto kadiri ya meta 60. Juu yake mto huitwa Lualaba. Chini yake huitwa Kongo, nazo meli huweza kwenda hata Kinshasa.

"Tazameni miguuni penu," alisema mzee. Tukaona mashimo katika mwamba, yaliyochimbwa na maji yenyewe. Humo Wagenya husimamisha magogo marefu, huyafunga kwa kamba za porini, na kutundika migono yao mikubwa mkondoni. Basi mwamba, mto na msitu hushirikiana kumlisha mvuvi.

Tuliwaeleza vijana kwamba huko Songa, upande wa juu wa mto, wataalamu walikuta samaki waliogeuka mawe, wa zaidi ya miaka milioni 150.

Kijana mmoja akauliza: "Mzee, magogo haya hutoka wapi?" Akanyosha mkono kuelekea kisiwa cha Mbiye. "Zamani tuliyapata karibu. Sasa twayafuata mbali, kwa kuwa wengi hukata miti wachome makaa."

Tulinyamaza. Mashimo yatakuwapo siku zote, lakini pasipo magogo yatafaa nini? Jioni kila kijana aliahidi kupanda mti mmoja kwao. Nanyi, wasomaji wapenzi, mtapanda?