Nilivyojifunza Kuteleza Juu ya Theluji Nchini Norwei

Sisi tunaosoma chini ya Mlima Kilimanjaro tumeizoea theluji kama watu wanavyouzoea mwezi: tunaiona kwa mbali, wala hatutazamii kuikanyaga. Asubuhi isiyo na mawingu Kibo huonekana wazi kutoka uwanja wa gwaride, nasi huendelea kufagia kama kwamba hakuna jambo. Kwa hiyo nilipochaguliwa kuwa mmoja wa wanafunzi wanne waliokwenda kusoma Norwei tangu Januari hadi Machi 2025, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya shule yetu na shule rafiki ya huko, wenzangu bwenini waliniuliza swali moja tu: theluji ina ladha gani? Sasa naweza kuwajibu kwamba haina ladha yoyote, ila huuma ulimi.

Nilikaa Lillehammer, mji mdogo kando ya ziwa Mjøsa, kaskazini ya mji mkuu wa Oslo. Hapo ndipo palipofanyika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1994. Wenyeji wangu walikuwa baba, mama, kijana wa rika langu na binti wa miaka sita. Babu yao, ambaye alikuwa amepita miaka sabini, alikaa jirani. Watu wa huko humwita hata mwalimu kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo ulimi wangu ulilikataa kabisa. Basi yule mzee nikamwita Bestefar, ndiyo kusema babu kwa lugha yao, nami nikamfundisha kuitikia shikamoo. Akaipenda sana, akawa ananidai kila asubuhi.

Mwezi wa Februari shule hufungwa juma moja kwa ajili ya likizo ya baridi, na watu wengi huhamia milimani. Familia ile ina nyumba ndogo ya mbao huko Sjusjøen, juu ya mji. Siku tuliyofika kipimajoto kilionyesha nyuzi 12 chini ya sifuri. Theluji ilikuwa kavu kama unga wa muhogo, na kila hatua ililia chini ya buti.

Hapo nikavishwa skii. Hizi ni mbao mbili nyembamba zilizopinda ncha kwa mbele, zenye urefu wa kupita kimo cha mwenye kuzivaa. Neno lenyewe limetoka katika lugha yao ya kale, na maana yake ni kipande cha mti kilichopasuliwa. Siku hizi nyingi hazitengenezwi kwa mti, lakini jina limebaki. Buti hufungwa kwenye ncha ya vidole tu, kisigino kikawa huru kuinuka, na mikononi hushikwa fimbo mbili ndefu za kujisukumia. Mashine hupita mapema ikichimba mifereji miwili sambamba katika theluji, nayo huwa ndiyo njia, kama reli ya treni.

Ajabu yangu ilikuwa hii: kitu kile kile kinachoteleza huwezaje kupanda mlima? Bestefar akanionyesha. Skii imepinda katikati kama upinde uliolazwa, na hapo katikati hupakwa nta. Mtu akiukandamiza mguu mmoja kwa uzito wake wote, nta hugusa theluji na kushika, naye apate kujisukuma. Akisimama kwa miguu yote miwili, upinde huinuka, nta haigusi, naye huteleza. Nta yenyewe ni ya rangi mbalimbali: kijani kwa baridi kali, buluu kwa baridi ya kadiri, nyekundu theluji inapokaribia kuyeyuka. Kila asubuhi mzee alitazama kipimajoto, akachagua, akapaka na kusugua kwa kizibo, kwa utulivu wa fundi anayenoa randa.

Nilidhani somo la kwanza litakuwa kwenda. La hasha! Lilikuwa kuanguka. Bestefar alijilaza mwenyewe juu ya theluji, mzee mzima, ili nione. Ukihisi unaanguka, keti upande, usitangulize mikono. Kisha zilaze skii sambamba, zikingame mteremko zisije zikakukimbiza, piga magoti, ndipo usimame. Tulirudia hivyo kabla sijapiga hatua hata moja. Baadaye nikafundishwa kupanda kwa kutanua ncha, nyayo zikaacha alama kama mifupa ya samaki, na kushuka kwa kukutanisha ncha na kutanua visigino, mfano wa herufi A, ili kupunguza mwendo.

Siku ile nilianguka mara 23. Idadi naijua kwa sababu yule binti wa miaka sita alikuwa ananihesabia kwa sauti, na kwa njia hiyo nikajua kuhesabu Kinorwei kabla sijajua kusema nina njaa. Lakini sikilizeni vizuri: hakuhesabu nilipoanguka, alihesabu niliposimama. Watu walitupita wengi, wazee kwa watoto, na hapana hata mmoja aliyecheka. Nikamwuliza kijana mwenzangu kwa nini. Akanitazama kwa mshangao, akasema kila apitaye pale amewahi kuanguka pale pale, sasa wamcheke nani?

Jioni, mbele ya jiko la kuni, Bestefar alinisimulia habari mbili ambazo ningependa zijulikane hapa shuleni.

Ya kwanza ni ya mwaka 1206, wakati wa vita vya kugombania ufalme. Mtoto Haakon, ambaye alikuwa hajafika miaka miwili, aliwindwa na maadui. Askari wawili wa kundi la Birkebeiner wakamchukua, wakavuka naye milima kwa skii katika baridi kali kutoka upande wa Lillehammer. Mtoto akapona, na mwaka 1217 akawa mfalme. Hadi leo, kila Machi, maelfu ya watu hushindana kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, na kila mmoja hubeba mzigo wa kilo tatu na nusu mgongoni kuwa ukumbusho wa mtoto yule.

Ya pili ilinigusa zaidi, maana inamhusu jirani yetu. Mwaka 1998, huko Nagano nchini Japani, Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa mkimbiaji, na skii alikuwa ameanza kujifunza Finland mwaka 1996 tu. Katika mbio za kilomita 10 mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa mkubwa wa zama zile. Boit alimaliza wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma yake. Je, bingwa alikwenda zake kuchukua medali? Hapana. Alisimama pale mwisho wa njia katika baridi, akangoja, na Boit alipofika akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Bestefar alisema Wanorwei wengi wamesahau dakika na sekunde za ushindi ule, lakini kule kungoja hawajakusahau.

Siku ya tano tulikusudia kwenda hadi kibanda kimoja cha wapita milima, mwendo wa kilomita 8. Nilikitamani sana kibanda kile. Nilikuwa nimemwambia baba kwa simu kwamba picha yangu ya pale itafika Moshi kabla ya usiku. Tulikwenda vema, tukapumzika kwa machungwa na chokoleti, na ubao wa njiani ukatuonyesha kwamba zimebaki kilomita 2. Hapo upepo ukageuka, theluji ikaanza kurushwa mpaka mifereji ikafukiwa. Bestefar akasimama, akatazama juu, akageuza skii zake. Machozi yalinilengalenga, nikaomba tujaribu kidogo. Akaniambia kwamba wana kanuni 9 za milimani, ambazo kila mtoto huzijua, na ya nane ni kwamba mtu ageuke mapema, kwani kurudi si aibu. Tulirudi. Likizo ikaisha, na kibanda kile sijakiona hadi leo. Baba nilimpelekea picha ya ule ubao wa kilomita 2, naye ameiweka katika simu yake.

Wapenzi wasomaji, wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Naona juu ya theluji hata kuanguka kwenyewe ni kwenda mbele, almuradi asiwepo wa kukuzomea. Nasema hivi kwa sababu nimeyakumbuka madarasa yetu. Sote tulisoma shule za msingi kwa Kiswahili, kisha katika Kidato cha Kwanza tukakuta kila somo ni kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo theluji yetu, na wengi tulitiwa humo bila kufundishwa kuanguka. Namjua mwenzetu aliyesema sentensi moja vibaya katika juma la kwanza. Sentensi ile ikawa jina lake la utani hadi Kidato cha Tatu. Hesabu anazijua kupita wengi wetu. Lakini mwalimu akiuliza, mikono huinuka mitatu, ile ile ya jana, na wake haumo. Mtihani wa Taifa u karibu, na wenye kunyamaza hawajanyamaza kwa kukosa akili. Wanaogopa kicheko.

Tangu Januari mwaka huu, watu kumi na wawili wa mkondo wetu tunakutana kila Jumatano baada ya chakula cha jioni kuzungumza Kiingereza. Sharti ni moja: mtu akikosea, husema tena, na wengine hungoja. Majuma mawili ya kwanza yule mwenzetu alikuja akaketi kimya. Juma la tatu alisimama akaeleza kanuni ya Pythagoras tangu mwanzo hadi mwisho. Alikwama mara saba, nasi tukangoja mara saba. Mlango uko wazi kwa kidato chochote, na walimu wakipenda kutupitia tutafurahi.

 Koti langu nimelikabidhi stoo kwa atakayekwenda safari ijayo. Mifuko yake ni mizima, na ndani ya mmoja nimeacha kipande cha nta ya buluu.